Sauti ya Baba Mlimani

London, 8 Januari 1963

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kikohozi tu. Ninyi huko, na theluji hii?

Jumapili nilihojiwa redioni kuhusu utoto wangu. Nikasimulia nilivyoiga, nikiwa na miaka tisa, mwito wa Baba wa kuita kondoo, wote wakateremka wakidhani ndiye. Watu studioni wakacheka. Kisha nikasema Baba alinipiga kofi, akanikataza kukanyaga mlimani, na tangu hapo hakunipenda tena. Hawakucheka. Je, alisikia? Nafsi inanisuta.

Mwanao,
Hester

*

Thornhow, 15 Januari 1963

Hester mwanangu,

Marahaba. Alisikia. Alizima redio, akavaa koti akatoka. Unamjua, maneno yake huyatoa kwa kijiko. Kesho yake nikamkuta sakafuni ghalani. Ni kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi na sauti imekwenda. Usijilaumu, daktari anasema kilikuwa njiani siku nyingi.

Lakini theluji imezifunika kuta za mawe za malishoni, na kondoo mia na ishirini wako huko juu. Jirani yetu Wilf ameita mpaka koo limemkauka. Wanamtazama tu kama mtoza kodi. Mwito wanaoujua ni mmoja, na wewe unao. Wakikaa wiki nyingine wamekwisha, na Baba yako naye sijui kama atawaacha waende peke yao. Njoo.

Mama yako

*

London, 18 Januari 1963

Mama,

Shikamoo. Baba amekula? Anakutambua?

Alhamisi ni onyesho la kwanza la tamthilia yetu. Miaka kumi na moja nimengoja kupewa nafasi kubwa. Mkuu wetu amesema nikiondoka nisirudi. Na hata nikija, naogopa. Akinisikia, si atadhani namdhihaki? Sijui nifanyeje.

Mwanao,
Hester

*

Thornhow, 9 Februari 1963

Hester,

Hujambo? Mama yako amenitia penseli mkono wa kushoto, amesema hakuna chai mpaka nimalize. Vumilia mwandiko.

Kondoo mia na tisa uliowateremsha ni wazima. Wilf anatangazia baa nzima kwamba aliuona mzimu wangu juu ya ukuta ukiita kondoo, umevaa sketi. Nasikia nafasi yako wamempa mwingine. Pole, mwanangu. Ulinilisha uji siku mbili na mimi nikakutazama tu, kwa hiyo nayasema hapa.

Siku ile ya kofi nilikuwa jikoni navua buti. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiita kutoka mlimani. Bibi yako alizoea kusema, anayesikia sauti yake nje hamalizi mwaka. Niliogopa, na woga ukatokea mkononi. Baadaye niliona haya kukwambia, na haya ikageuka mazoea. Kukupenda sikuacha hata siku moja.

Safari hii niliisikia tena, nimelala kitandani. Sikuogopa. Nilimwonyesha Mama yako dirisha, akafungua, baridi yote ikaingia. Nikasikiliza mpaka ulipomaliza.

Baba yako