Ukurasa wa Mia Mbili na Tatu

Msambweni,
Jumapili.

Kaka Tofiki,

Mbeyu alikufa. Alikufa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Tukamzika kesho yake kwao Kinango.

Sasa shikamoo. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitafika pale pa "sisi huku hatujambo", na hapo nitakuwa nimeshadanganya. Nimekudanganya vya kutosha. Kila ulipopiga simu ukauliza shemeji yako Mbeyu hajambo, nilisema hajambo, yuko shamba. Hafswa binti yako alituomba tukufiche mpaka presha yako ishuke. Presha ikashuka. Mimi nikaendelea kusema yuko shamba. Miezi mitano mtu yuko shamba, na wewe hukuuliza analima nini. Nisamehe kaka.

Wewe hujambo? Hafswa na wanawe wazima? Mwani umekauka au mvua imeuharibu? Nasikia unafunga kamba za mwani kwa kupapasa tu na hapo Kibuyuni hakuna mwenye macho anayekufikia. Nimefurahi sana. Hata timboni ulikuwa hivyo, ukikata jiwe hutaki mtu akupite.

Barua hii hatakusomea Hafswa. Angeruka. Nitampa Madam Everline wa chumba cha kusomea vitabu aisome kwenye kadi ya sauti, itakufikia Jumanne, uitie kwenye kile kiredio chako. Nimemwambia asiruke neno, hata yanayomhusu yeye. Madam, hapo ndipo penyewe, endelea. Utauliza kwa nini nisisome mwenyewe na mimi ni msomaji pale. Mdomo wangu umeshazoea kuongeza. Kalamu haiongezi, inanichosha mkono.

Sijakueleza vizuri nilivyoingia pale. Ilikuwa mwezi wa tano, nilipata kibarua Ukunda, chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Kazi ilikuwa kuziba dirisha kwa mawe, kupiga plasta, kisha kubandika trei za mayai ukuta mzima. Nikamuuliza Madam kama watafuga kuku humo ndani. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Akaniambia trei zinameza kelele za tuktuk. Watu wanakaa humo wanasoma vitabu na magazeti kwa sauti, mashine inashika, halafu wasioona na wasioweza kusoma maandishi wanapelekewa kadi bure, kutoka Matuga mpaka Vanga. Wasomaji wanajitolea. Halipwi mtu.

Unajua mimi nikichanganya simiti huwa nasoma mfuko. Siku hiyo nilikuwa nasoma kwa sauti, kilo hamsini, weka mahali pakavu. Madam akasimama mlangoni anasikiliza. Msomaji wao Nahashon, mhudumu wa hoteli, alikuwa amehamishwa ghafla na kitabu amekiacha katikati. Madam akaniuliza kama naweza kukimalizia. Nikamwambia nimeishia darasa la tano. Akasema mbona mfuko nimeusoma wote. Nikamwambia mfuko hauna ukurasa wa pili. Akasema tujaribu.

Nikanawa mikono nikakaa. Nilikubali kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kusema naye. Sababu ni hiyo, sina nyengine.

Nilisoma kama ulivyotufundisha. Saa ya chakula timboni ulikuwa ukitusomea gazeti, mwenzetu Lennox anakwambia ruka hapo, hilo ni tangazo. Wewe unamjibu kwamba aliyeandika hakuruka, utaruka wewe kama nani. Basi nami sikuruka. Nilisoma namba ya kila ukurasa. Nilisoma muhuri wa maktaba. Kuna mtu aliandika kwa peni pembeni kwamba Kombo wa kitabuni ni mjinga, nikalisoma na hilo. Adhana ikianza nawaambia wasikilizaji wangoje, nami nangoja, mashine inakwenda. Nahashon alikuwa akisoma kama mtangazaji. Mimi nasoma kama mtu anayepandisha jiwe ngazini.

Nikajua nitafukuzwa. Bi Mwanapili wa Matuga akapiga simu ofisini akasema yule mpya asiguswe. Alisema Nahashon alikuwa akimkimbiza, lakini huyu, kati ya neno na neno, yeye anapata nafasi ya kukoroga uji. Mzee mmoja wa Kinango akataka nimsomee kiboksi cha kibiriti. Nikamsomea. Akataka mabango yote ya barabarani, Ukunda mpaka Msambweni, kwa sababu ana miaka kumi na tisa hajui kuta zimeandikwa nini. Nikapanda baiskeli na daftari, nikayanakili yote, nikayasoma. Dakika arubaini. Kinyozi, kinyozi, hoteli, kanisa, usikojoe hapa, kinyozi. Madam anasema ndiyo kadi inayoombwa kuliko zote. Wewe mwenyewe ulinipigia ukasema vinyozi wamezidi watu.

Miezi hii nimecheka, kaka. Sikutegemea. Nakwambia ili usije ukadhani nilikaa tu nalia.

Sasa kile kitabu. Unakijua, lakini naandika ili nikifika pale nisikwepe. Zena anauza mahamri, mumewe ni Kombo. Zena ana uvimbe tumboni, hataki kupasuliwa. Kila wiki ulikuwa unanipigia kusema huyo mwanamke ana akili, asikubali, mjomba wako aliingia hospitali kwa miguu yake akatoka amefunikwa shuka. Na mimi nilikuwa nakusikia nikijua unasema juu ya macho yako. Mwaka wa nne huu daktari anakwambia ni mtoto wa jicho, anatolewa, na wewe unamwambia mwakani.

Ukurasa wa mia na themanini na nane Zena alikubali. Wakamsukuma na kitanda mpaka chumba cha kupasulia, Kombo akabaki nje ameshika ndara za mkewe. Hapo nilisoma vizuri, hata Madam alisema nimesoma vizuri, akatoka. Nikafunua ukurasa mwengine. Nikausoma kimya kwanza, kwa kidole. Nikarudia. Nikafunga kitabu kidole kikiwa ndani, nikaiambia mashine kwamba Zena aliamka.

Kisha sikuweza kuacha. Zena akaomba uji. Uji ukaletwa, akasema hauna sukari, wauguzi wakacheka. Kombo akaleta tuktuk mpaka mlangoni. Kufika nyumbani majirani wamejaa, na Zena kitu cha kwanza akauliza nani amegusa karai lake la kukaangia. Shemeji yake akaapa si yeye. Wakala mahamri na mbaazi mtaa mzima. Sikukwama hata mara moja, kaka, mimi ninayekwama kwenye kila neno refu. Na kila nikivuta pumzi nataja namba ya ukurasa, watu wasishuku. Nilifika ukurasa wa mia mbili na tatu nikasema mwisho.

Kitabu kina kurasa mia na tisini.

Zena hakuamka. Alikufa, ukurasa wa mia na themanini na tisa, mstari wa nne. Ukurasa wa mwisho Kombo anarudi nyumbani peke yake na zile ndara, anazima jiko. Ndivyo kilivyoandikwa. Hayo mengine nimetunga mimi.

Madam aligundua kadi zimeshapelekwa, alipokuwa anaandika idadi ya kurasa kwenye daftari lake. Akakuta kumi na tatu za ziada, na tuktuk ndani ya kitabu kilichoandikwa zamani, kabla tuktuk hazijafika pwani. Akaniita. Kwanza alicheka. Nikadhani yamekwisha. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia wasioona si watoto. Huko majumbani kila mtu anawachagulia la kusikia, huyu anaficha, yule anapunguza, na chumba hiki kimewekwa ili wapate kilichoandikwa. Kama na sisi tunachagua, basi niuzibe na mlango kama nilivyoziba dirisha. Nilikuwa nafikiri juu ya lile neno langu, yuko shamba.

Na siku hiyo hiyo akaniambia ya kwako. Kwamba ulimpigia ukasema kama Zena amelala kwenye kitanda kile akaamka kuomba uji, Tofiki naye atalala. Kwamba umemwambia Hafswa akuandikishe, na siku ni Alhamisi hii. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani. Hapo nikaona nimekupandisha juu kwa ngazi ambayo haipo.

Utataka kujua kwa nini niliongeza. Mbeyu naye alikuwa na uvimbe. Mwezi wa tisa mwaka jana alisema twende hospitali. Mimi ndiye niliyesema tungoje tuvune. Tukavuna. Daktari akauliza mlikuwa wapi. Basi. Zena alikwenda kwa wakati, na bado mwandishi akamuua. Mdomo ulikataa.

Kaka, mimi si daktari. Najua mawili tu. Zena alikwenda akafa, hilo limeandikwa na mtu. Mbeyu hakwenda akafa, hilo nimeliona mwenyewe. Daktari wa macho amekupima, na Hafswa anasema amekueleza mara tatu, na mara zote ulijifanya umelala. Muulize tena, Jumatano, ukiwa macho. Uamue kwa hayo. Ukienda usiende kwa sababu ya uji wa Zena, uji ule niliupika mimi.

Ukienda, mimi niko mlangoni tangu asubuhi, na ndara zako nitazishika. Ruhusa nimeshaomba, fundi amenuna lakini amekubali. Usipokwenda, nakuja Kibuyuni siku hiyo hiyo, tufunge kamba za mwani na wewe unitukane mpaka ushibe. Vyovyote Alhamisi sipigi plasta. Na wakikufungua kitambaa ukaona, kitabu ninacho. Usome mwenyewe mstari wa nne, usiniamini tena kwa mdomo. Halafu tutoke na baiskeli ukahesabu vinyozi, maana ulisema nimewazidisha.

Nisalimie Hafswa, mwambie akasirike na mimi, asikasirike na Madam. Nisalimie wanawe, na jirani yako Mishi, na wote wanaoniulizia hapo Kibuyuni. Madam Everline anakusalimu, ingawa ndiye anayesema sasa. Siku ukiwa na nguvu twende Kinango nikuonyeshe kaburi. Nimelijengea kwa mawe ya timbo letu, nimekata mwenyewe, pembe zimenyooka. Ungekuwa na macho usingepata pa kunikosoa.

Bi Mwanapili na wengine bado wanaamini Zena anakaanga mahamri. Madam anataka nisome upya kurasa mbili za mwisho kama zilivyo, ziende kwa wote, na kabla ya kusoma niseme ni nani aliyewadanganya. Wiki tatu sasa namwambia nina kikohozi.

Kikohozi kimepona leo, nilipomaliza kukuandikia. Kesho narudi kwenye mashine, nisome zile kurasa mbili.

Ni mimi ndugu yako,
Mangi