Kabutoni chini ya tapi

Papa Sephora,

Telefone yako haishike. Bukari iko mu sufuria. ~~Kula, ulale, nitarudi.~~ Hapana, kuya mbio ku lupitalo, kwa madaktari, na ulete blanketi ya mama yako.

Asubui alikosa pumzi. Nikamuingiza mu motokari, nikafungua kontakti na ufunguo: moteri inazunguka, inazunguka, haiwaki. Na esanse iko mu tanki! Fundi Stéphane, jirani, akainamisha sikio pa kiti ya nyuma, akasema: “Pompi ya esanse hailii. Haipati umeme.” Minye sikungoja. Nikamupandisha mama yako pa pikipiki ya kukodi, Sephora akamushikilia kwa nyuma. Sijue kama walifika.

Kisha Stéphane akafuata waya mupaka chini ya tapi, ile zulia ya motokari, pa kiti yako. Kabutoni kadogo. “Hii ni ya kuzuia wezi, inakata umeme ya pompi,” akasema. “Bwana yako hakukuambia?” Akakafinya, motokari ikawaka palepale.

Sasa ninawafuata. Kadi yake ya lupitalo iko mu kabati, usiisahau.

Ufunguo wa hii motokari tuko nao watu wawili tu, weye na minye. Basi mwizi mwenye ulikuwa unamufichia hii kabutoni ni nani?

Bibi yako, Mama Sephora