Diski ya Skrubu Mbili

Goma, Ndosho, tarehe 14 Juni

Mdogo wangu Ushindi,

Tuko hai, na barua yako imefika. Umejaza kurasa mbili kuhusu kompyuta itakayotoka Septemba, unayotaka kututumia: unakisia memori itaongezwa, betri itadumu siku nzima, nayo itakuwa nyembamba kama daftari. Jana nilimsomea mume wangu Damien, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. "Huyu shemeji atatuletea masini ya kukatia mukate."

Lakini unasema pia kwamba labda diski yake haitaweza kutolewa. Kama ni hivyo, usiinunue.

Katika daftari langu, tarehe 9, saa nne asubuhi, nimeandika: watu watatu wenye bunduki. Walitaka majina ya walioona mauaji ya Kibumba, majina ambayo Damien alikuwa ameyahifadhi katika kompyuta yetu. Yeye aliwachelewesha mlangoni. Mimi nilifungua skrubu mbili, nikatoa diski, nikaitumbukiza katika sufuria ya maharagi iliyokuwa ikichemka.

"Fungua hii masini, muzee."

"Imekufa tangu Pasaka."

Walimvunja vidole vya mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, kimoja kimoja. Kwa kila kidole waliuliza, naye akajibu vilevile. Mimi nilikoroga maharagi. Mwishowe waliiwasha wenyewe, wakakuta haina kitu, wakaipasua ukutani.

Mashahidi wote kumi na tisa wa Kibumba bado wako hai. Damien anajifunza kuandika majina yao kwa mkono wa kushoto.

Tutumie ya zamani, hata ikiwa nzito.

Dada yako,
Julienne