Wa Ndani na wa Nje

Jumatatu, 9 Juni
Baridi. Mkasi wa bati unauma vidole. Nimekunja faneli la mashine ya kukamua alizeti, nikafunga karakana mapema. Tangu apofuke, mume wangu Lazaro hataki hata kusikia habari za bati. Anasema tuuze nyundo, fremu ya karakana tumpangishe muuza simu. Muuza simu anataka jibu mwisho wa mwezi.

Sitaki. Basi.

Jumatano, 11 Juni
Baba Gaudensi, mwenye kiwanda cha unga kule Pito, amekuja. Kihenge chake cha bati cha kuwekea nafaka, cha kuchomelea, kimepasuka mishono kwa mtikisiko wa mashine. Anataka cha kuungwa kwa riveti, vile vijipini vya kugonga, kama kile tulichomtengenezea zamani. Nikasema sawa. Mdomo huu! Kihenge cha riveti ni kazi ya wawili. Wa nje anagonga, wa ndani anakinga kwa kipande cha chuma ili riveti ikae. Wa nje alikuwa Lazaro. Wa ndani mimi.

Ijumaa, 13 Juni
Mabati yamekunjwa. Nimekaa nayo nikikumbuka.

Nilikuwa bado bi harusi nilipoingia kihenge cha kwanza. Giza, joto. Lazaro nje anagonga kidogo kuuliza kama niko tayari, nami najibu kwa kugonga. Siku tuliyonuniana asubuhi hatukusemeshana, lakini kugonga tuligonga. Hadi jioni ugomvi umeisha wenyewe. Nalikumbuka lile giza kuliko harusi yenyewe.

Jumamosi, 14 Juni
Shemeji, mdogo wake Lazaro, ameingia ndani ya kihenge, akadumu riveti chache, akatoka kijasho kinamtiririka. Harudi tena. Fundi wa kuchomelea wa jirani naye alishika chuma upande, riveti zikalala. Nimezing'oa zote. Nimelia kwa hasira.

Muuza simu amepita kupima ukuta. Kihenge hiki kikinishinda, sina tena neno la kumwambia Lazaro.

Jumanne, 17 Juni
Nimemwambia Lazaro awe wa ndani. Alikuwa barazani anapukuchua mahindi.

“Mle ndani hata mwenye macho haoni,” nikasema. “Miaka yote ile mimi sikuona kitu.”

Mahindi yakaendelea kudondoka kwenye ungo.

“Mama Sabina, koti langu la kazi liko wapi?” akaniuliza.

Alhamisi, 19 Juni
Lazaro ameingia kihenge kwa kupapasa. Nyundo nikashika mimi. Nikagonga kidogo. Nikatega sikio kwenye bati. Halafu akajibu kutoka ndani, vilevile nilivyokuwa nikimjibu.

Tumepiga mishono yote. Nilipokosea aligonga kwa ukali, nikajua ananitukana. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Alipotoka alikuwa ameshika masikio. Akaniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia kwamba mle kuna kelele namna ile. Hakuwahi kuuliza.

Jumatatu, 23 Juni
Tumemimina ulezi kukijaribu, kama zamani, maana punje zake ni ndogo na hazisitiri mshono mbovu. Lazaro amekizunguka kihenge chote, kiganja chini ya mishono. Hakuna hata punje iliyopenya. Jioni lori la Baba Gaudensi limekichukua.

Muuza simu nimemwambia atafute fremu kwingine. Lazaro alikuwa pale pale, akasikia, akaendelea kufuta nyundo.

Tumerudi nyumbani tumeshikana mikono, upepo mkali. Nikamuuliza kama hasikii baridi. Akasema koti la kazi ameliacha karakana, kwenye msumari wake, kwa ajili ya kesho.