Ulimbo wa Bondeni Kwetu

Alhamisi, 6 Mei 1976

Nimebadilisha maji kwenye makarai kabla ya kwenda zahanati. Maji ya mvua tu, ya kwenye pipa. Ya kisima yanaiua mimea hii, nilijifunza kwa machungu. Baridi imeanza. Sarafu imeiva nyekundu.

Sarafu ni ule mdogo unaolala chini, duara kama shilingi. Mrefu una shina, unasimama wenyewe. Majina nimeyatoa mimi. Yote ni ulimbo: kila jani lina vinywele, kila kinywele kina tone linalonata. Mdudu akitua hatoki. Jani linamkunjia taratibu, linamla. Leo Mrefu umekamata mbu mkubwa. Nimefurahi kupita kiasi.

Baba Neema anaiita ng'ombe wangu. Anasema wenzake wana wake wanaofuga kuku.

Jumamosi, 8 Mei

Hamisi amepita na lori la chumvi ya Ivuna, anarudi kwake Tunduma. Mtu wa Pangani, dereva, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayeotesha ulimbo zaidi yangu. Anaotesha kwenye madebe ya mafuta aliyoyakata. Tulijuana mwaka juzi alipomleta utingo wake mwenye homa zahanati, akaona kopo langu dirishani. Akasahau mgonjwa.

Ameniletea mbegu za Uzi ndani ya karatasi ya pakiti ya sigara. Uzi ni wa kule kwenye mchanga wa joto, Ivuna. Majani membamba sana. Unaishi msimu mmoja, unatoa mbegu, unakufa.

"Huu umetoa ua jeupe, dada. Jeupe pee! Mwingine kama huo sijauona. Kule yote ni ya rangi ya waridi."

Alisema kama baba aliyepata mtoto. Naye anautaka Mrefu. Hajaukuta popote, na mimi pia sijauona ila bondeni kwetu, pale penye chemchemi. Nimemwahidi mche mzuri akipita tena. Mbegu nimezinyunyiza juu ya mchanga uliolowa, sikuzifukia. Siku njema.

Jumatano, 19 Mei

Mkutano wa kijiji. Bonde litachimbwa mifereji, maji yapungue, tulime mboga za ujamaa wakati wa kiangazi. Kabichi, mchicha, vitunguu. Baba Neema ndiye mwenyekiti na wazo ni lake. Watu wote walinyoosha mikono. Na mimi nilinyoosha. Mkono ulikwenda juu kabla sijaukumbuka Mrefu.

Nina hasira. Sijui namkasirikia nani.

Alhamisi, 20 Mei

Nimemwambia Baba Neema wakati wa chai. Nikamwomba waache kipande cha juu tu, penye chemchemi. Akaweka kikombe chini.

"Mama Neema, maji si yanatoka hapo? Nikiacha hapo nitakuwa nimechimba nini? Na nisimame mbele ya watu niseme tumeacha kulima kwa ajili ya majani yanayokula mbu?"

Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali.

Leo hii hii, zahanati, nimewahubiria wajawazito wale mboga za majani kila siku. Mmoja akaniuliza, "Kiangazi tuzitoe wapi, nesi?" Baba Neema ana haki. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 23 Mei

Baada ya kanisa nilishuka bondeni na karai na panga. Nimechimbua Mrefu yote niliyoweza kuibeba, na udongo wake. Mizizi myembamba, mingine imekatika. Sasa baraza limejaa, hakuna pa kukalia. Mama mkwe, anayeishi nasi, aliizunguka yote akiwa na fimbo yake. Akasema imekonda.

Ijumaa, 28 Mei

Mkunga wa Chitete anaumwa, nimetumwa nikamshikie nafasi. Naondoka kesho. Nimemwomba mama mkwe aongeze maji ya pipa yakipungua. Maji tu. Alifurahi kupewa kazi. Mbegu za Uzi zimechipua! Ndogo kuliko punje ya ulezi.

Jumanne, 8 Juni

Nimerudi. Barabara mbaya, mgongo hauna hali. Nilinusa samadi kabla sijafika mlangoni.

Kila karai. Kila kopo. Samadi ya ng'ombe na majivu juu yake, vimetandazwa vizuri, kwa upendo. Alitembea mwenyewe hadi zizi la jirani, na miguu yake ile.

"Watoto wako walikuwa na njaa, mwanangu. Nimewalisha."

Majani yameanza kuwa meusi. Ulimbo unapenda udongo usio na chakula, ndiyo maana unawinda. Ukiushibisha mizizi inaungua. Sikumweleza. Nilisema asante, Mama. Nikaingia jikoni nikakaa karibu na moshi, ili machozi yapate sababu.

Jumatano, 9 Juni

Nimeosha mizizi, nimebadilisha mchanga. Kazi bure. Mrefu yote imekufa. Uzi umekufa. Imebaki Sarafu moja iliyokuwa nyuma ya mlango, hakuiona.

Nimemchukia mama mkwe mchana kutwa. Nilipotoka kazini nikamkuta ameninyooshea sare yangu ya kesho kwa pasi ya mkaa, polepole, akihema. Chuki ikakataa kukaa. Nimechoka tu.

Jumamosi, 12 Juni

Siku ya kuchimba. Kijiji kizima kilitoka, nyimbo, majembe, togwa. Nilijipanga penye chemchemi. Kama lazima pachimbwe, nikaona nichimbe mimi. Jembe la kwanza lilikuwa gumu kuliko yote. Niliukuta Mrefu mmoja niliousahau, unang'aa, una nzi. Nikaugeuza chini.

Baba Neema alikuja akachimba kando yangu. Aliacha watu wake wote. Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi nyumbani, akaniambia, "Pole." Basi. Nimeipokea.

Jumatatu, 12 Julai

Kahawa imeiva, tunachuma kabla ya kazi na baada ya kazi. Mikono imeganda kwa baridi.

Hamisi alipita. Nikamwambia hakuna Mrefu, si wake wala wangu, na kwa nini. Niliona aibu. Alikaa kwenye ngazi ya lori, akavua kofia, kama yuko msibani. Kisha akauliza, "Kila karai, dada? Na majivu pia?" Akaanza kucheka. Nilitaka kuudhika nikashindwa. Tulicheka hadi mama mkwe akatoka kuuliza kuna nini. Hamisi akamwambia tunazungumzia ng'ombe.

Mchicha umekwisha kuota bondeni. Mzito, wa kijani kweli. Niliula kwa wali. Mtamu. Lazima niseme.

Jumapili, 5 Septemba

Nilikuwa naanua nguo. Mama mkwe alikuwa ameshuka bondeni kuchuma mboga na wanawake wenzake. Nikasikia akiniita kwa sauti kubwa kuliko umri wake.

"Mama Neema! Njoo huku! Watoto wako wapo huku!"

Nilikimbia na nguo begani. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa mfereji. Ubavu wote wa mfereji, pale udongo ulipobaki mtupu na maji yanachuruzika, ulikuwa mwekundu. Miche midogo midogo, imebanana, kila mmoja na matone yake. Mrefu! Haikuwahi kuwa mingi hivyo. Mbegu zilikuwa ardhini miaka yote, nyasi zikizinyima jua. Mimi niliyedhani najua kila kitu cha ulimbo, hilo sikulijua. Nilidhani majembe ndiyo mwisho wake.

Mama mkwe alinitazama usoni, akashika fimbo ainuke.

"Nikawaletee samadi?"

"Hapana, Mama!"

Nilipiga kelele. Wanawake wote wakageuka. Basi nikakaa chini kwenye tope nikamweleza, mwanzo hadi mwisho, ikiwa ni pamoja na yale ya barazani. Akasema, "Mbona hukuniambia?" Akanipangusa tope shavuni kwa kidole gumba.

Jumamosi, 18 Septemba

Joto limerudi. Baba Neema amewaambia wanaomwagilia watekee maji upande wa pili wa mfereji. Hakutoa sababu na hakuna aliyeuliza.

Mchana nilishuka na mama mkwe. Alitaka kuona kama imekua. Imekua kidogo. Hatukubeba hata mmoja kurudi nyumbani. Tulikaa ukingoni, miguu kwenye maji, tukawa tunatazama. Alinihadithia jinsi Baba Neema alivyokuwa mkaidi wa kunyonya. Katikati ya hadithi akasinzia, kichwa begani kwangu. Jua lilikuwa kali. Nikavua kanga yangu, nikaishika juu yake mpaka alipoamka.