Mishono Inayolalia Kushoto

Jumatatu, 3 Februari

Paja linawaka tena. Nimesokota katani juu yake tangu chai ya asubuhi hadi saa sita. Nyanya alikuwa upande wa pili wa mlango anasuka, leso mabegani, uso ameuinamisha juu ya kiondo kana kwamba anakiona.

Hakioni. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Tunaojua ni mimi na Mama tu, na Mama yuko Mboghoni kwenye mashamba ya ndizi, anapiga simu Jumapili. Wanawake wa kikundi chetu cha kusuka wanaambiwa macho "yamechoka kidogo".

Leo amemaliza kimoja. Kimepinda. Upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka, na mstari mweusi umekatika mahali patatu. Amenipa akasema, "Mpelekee fundi, wajina." Ananiita wajina kwa sababu nilipewa jina lake. Yeye Mghoi, mimi Mghoi.

Sijampelekea fundi. Kiko chini ya kitanda changu.

Jumatano, 5 Februari

Nyanya hulala baada ya chakula cha mchana. Nilikaa nyuma ya jiko nikafumua kiondo chake hadi kwenye kitako. Kitako nimekiacha. Pale vidole vinamtosha, bado anakisuka vizuri kuliko mtu yeyote huku Wundanyi. Kuanzia hapo kwenda juu nimesuka mimi.

Hiki ni cha nne tangu nimalize kidato cha nne. Cha kwanza nilijiambia narekebisha tu. Siwezi tena kusema hivyo.

Yeye hajui. Kiondo kikitoka kwangu kinaenda kwa fundi kushonwa mikanda ya ngozi, na kutoka kwa fundi kinaenda kwa mwenyekiti wa kikundi. Hakirudi mikononi mwake. Nimeshalifikiria hilo mara nyingi, kama mwizi.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya kikundi, veranda ya kanisa. Amekuja mgeni kutoka Voi, Bi Zuhura. Marehemu babake alikuwa na duka la vitambaa. Sasa amelitoa rafu zote, amepaka kuta chokaa, anataka liwe ukumbi wa sanaa. Vyungu, michoro, vinyago, vyondo. Vitu vya watu wa hapa, na kila kimoja kimeandikwa jina la aliyekitengeneza. Alisema amechoka kuona vyondo vyetu vikiuzwa huko Mombasa kama vile vimeota mtini.

Alivigeuza vyondo tulivyoleta, kimoja kimoja. Alipofika kwenye cha Desemba, alisimama.

Hicho nilikifumua chote isipokuwa kitako. Mstari mweusi nikaupandisha na kuushusha kama njia ya kwetu kutoka mtoni, na mahali pamoja nikauacha ukatike kwa makusudi, pale daraja lilipovunjika. Nyanya hajawahi kusuka hivyo. Hakuna aliyewahi.

"Mashallah. Hiki kakisuka nani?"

"Mghoi," wakasema wote.

Nilitazama viatu vyangu. Si uongo. Jina ni langu pia. Nimejiambia hivyo njia nzima kurudi nyumbani.

Bi Zuhura anataka kukiweka mbele kabisa, mtu akiingia akutane nacho. Tena anataka Nyanya ashuke Voi siku ya kufungua, tarehe ishirini na mbili, kabla ya Ramadhani, akae kwenye kigoda asuke watu wamwone.

"Nije Voi nitazamwe kama ndovu?" Nyanya akauliza.

"Ndovu hawasuki, mama."

Wanawake walicheka hadi Nyanya mwenyewe akaziba mdomo kwa leso. Alikuwa ameketi mbali, ameegemea ukuta. Hakuna aliyempa kiondo akishike. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kisha nikaona aibu kumshukuru.

Jumapili, 9 Februari

Sikusikiliza mahubiri. Nilikuwa natazama mkono wangu.

Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Shule ya msingi walijaribu kunibadilisha wakashindwa. Nilipokuwa na miaka tisa Nyanya alinikalisha ubavuni pake anifundishe kusuka. Nilivuta uzi kwa kushoto. Akaufumua. Nikavuta tena. Akaufumua. Siku ya tatu alichukua katani mapajani mwangu na kusema, "Mkono huu unasuka kinyume. Wewe soma tu." Hakusema kwa ubaya. Hakusema tena.

Nikasoma. Lakini jioni nilikuwa nakaa upande wa pili wa mlango, tumeelekeana, namtazama. Miaka tisa ya kutazama.

Mishono yake inalalia kulia. Yangu inalalia kushoto. Mnunuzi haoni. Anayesuka anaona mara moja.

Jumanne, 11 Februari

Nimepewa kazi ya kuandika vikaratasi vya majina kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. "Kimesukwa na Mghoi." "Kimesukwa na Wakesho." Kimoja kimoja, na uzi wa kufungia.

Mwenyekiti, Mama Righa, alikuwa anapanga vyondo kwenye gunia. Akafika kwenye cha Desemba. Akapitisha dole gumba ubavuni, akakipindua, akapitisha tena. Kisha akanitazama, na si mimi hasa, kalamu yangu na mkono ulioishika.

"Kwani Mghoi siku hizi anakula kwa kushoto?"

Wengine walicheka bila kujua wanacheka nini. Nyanya alikuwa amebaki nyumbani, goti linamsumbua.

Tulipokuwa tunafunga gunia aliinama karibu yangu. "Mwambie mwenyewe. Asije akaambiwa na vidole vyake mbele za watu."

Nikasema ndiyo, shangazi.

Ijumaa, 14 Februari

Sijamwambia.

Nilianza mara mbili. Mara ya kwanza maziwa yalimwagika. Mara ya pili hapakuwa na kisingizio chochote. Nilifungua mdomo nikauliza kama anataka chai.

Anafurahi, hilo ndilo tatizo. Amenituma nifue gauni la bluu la sikukuu. Amemwambia muuza maziwa. Amemwambia padri. Usiku wa jana alikuwa anaimba. Tangu Babu afariki hakuwa ameimba.

Amesema huko Voi atasuka kitako tu. "Kitako nakisuka hata ndani ya gunia." Kwa hiyo ameshalipangia jambo hilo. Anajua mpaka wake. Anachofikiri ni kwamba mpaka huo uko mbali kidogo kuliko ulipo.

Jumatatu, 17 Februari

Leo pia sikusema. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 19 Februari

Ameuliza akiwa anakula: "Kile walichokichagua, ni kile nilichomaliza Desemba, cha mstari mweusi?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Nilidhani kilienda upande."

"Hapana."

Huo ni uongo wa kwanza wa mdomo. Mingine yote ilikuwa ya mikono. Nimeshangaa jinsi ulivyotoka bila kukwama.

Ijumaa, 21 Februari

Tumeshuka Voi, tumelala kwa Bi Zuhura. Joto. Nyanya ameoga mara mbili na anasema watu wa Voi wanaishi ndani ya sufuria. Bi Zuhura amempa chumba chenye feni. Wamekaa wakizungumza kuhusu waume zao waliokufa kama wasichana wanaozungumza kuhusu walimu.

Niliona ukumbi. Kuta nyeupe. Kiondo kiko peke yake kwenye meza ndogo, mbele ya mlango, kikaratasi changu kinaning'inia. Kizuri. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: ni kizuri na nilijivuna. Nilisimama pale muda mrefu nikajivuna, na Nyanya alikuwa chumba cha pili.

Kesho asubuhi nitamwambia kabla ya watu kuja.

Jumamosi, 22 Februari

Sikumwambia. Asubuhi kulikuwa na viti vya kupanga, mchungaji na imamu walikuwa wametangulia kufika, na Bi Zuhura akanipa sinia ya sharubati nizungushe.

Nilikuwa na hiyo sinia mikononi nilipomwona amemshika Nyanya mkono. "Njoo, mama, nikuoneshe kiondo chako kilipokaa." Ukumbi ulikuwa umejaa. Glasi kumi na mbili. Sikuweza kukimbia wala kuita.

Akauweka mkono wa Nyanya juu ya kiondo.

Nyanya alianza chini, kama anavyoanza siku zote. Kitako. Akatabasamu. Vidole vikapanda. Vikasimama. Vikarudi chini, vikapanda tena polepole. Pale kitako kinapoishia na mishono inapogeuka, akapasugua kwa dole gumba kama mtu anayetoa doa.

"Hapa si mimi," alisema.

Bi Zuhura alidhani ni mzaha. "Ni wewe, mama. Jina lako hili hapa."

"Jina ni langu. Mkono si wangu."

Mtu alicheka, kisha akaacha. Nyanya aligeuza uso, akawa anatafuta upande niliko. "Wajina. Lete mkono."

Niliweka sinia chini sakafuni. Nikampa wa kulia.

"Huo mwingine."

Alishika kidole changu cha shahada cha kushoto, pembeni, pale uzi unapokata na ngozi imekuwa ngumu. Alikishika muda mrefu. Mtu fulani alipiga picha.

"Ni hiki tu?"

"Ni vinne, Nyanya."

"Vyangu vilikuwaje?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilijua namna.

"Vilipinda. Sana."

Aliitikia kwa kichwa vilevile alivyomwitikia daktari. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ya kuulizia chumvi: "Macho yalichukuliwa na ugonjwa. Siku yangu hii ya leo umeichukua wewe."

Bi Zuhura aliuliza afanye nini na kikaratasi. "Kitoe kwanza," Nyanya akasema. Kikatolewa. Kiondo kikabaki mezani bila jina. Kigoda hakukikalia. Mama Righa ndiye aliyekaa akasuka, na watu wakatazama, lakini wengi walikuwa wanatutazama sisi.

Niliokota sinia. Hakuna glasi iliyomwagika. Sijui kwa nini nimeandika hilo.

Jumapili, 23 Februari

Tumerudi nyumbani. Hajaniita wajina. Hajaniita chochote. Nimepika, amekula, amesema asante kama mgeni.

Mama alipiga simu. Nyanya alimwambia Voi kulikuwa na joto.

Jumatatu, 24 Februari

Hakusuka leo. Kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka. Aliketi mlangoni, mikono mapajani, viganja vimeangalia juu.

Mimi pia sikugusa katani. Nilifikiri: nilitaka asijue kwamba ameshindwa, na nikamjulisha mbele ya ukumbi mzima. Ningemwambia Novemba angelia humu ndani, sisi wawili, ikaisha.

Nilikuwa nasema namlinda. Nilikuwa napenda kusuka. Yote mawili ni kweli, na la pili sikulikubali hadi leo.

Nilimwambia hivyo, jioni, maneno hayohayo. Nilisimama nikiwa nimemwangalia, ingawa haoni. Alikunja leso yake mara nne, akaikunjua, akaingia kulala.

Jumanne, 25 Februari

Alfajiri nilisikia katani inavutwa. Alikuwa mlangoni anasuka kitako. Kilipotosha, hakuendelea juu. Alikata hapo akakiweka kando. Akaanza kingine.

Nilileta kiti changu ubavuni pake.

"Hapana," alisema. "Mbele."

Nikahamia mbele, magoti yetu yakagusana. Akanipa kitako cha kwanza.

"Ulijifunza wapi?"

"Hapa. Upande ule wa mlango."

Vidole vyake viliendelea bila yeye. "Ukinitazama kutoka mbele, kulia kwangu ni kushoto kwako."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nakukalisha ubavuni."

Basi. Tulisuka hadi jua likafika kwenye kizingiti. Aliusimamisha mkono wangu mara moja tu, akausikia uzi, akasema nakaza mno, kiondo si koo la mbuzi.

Mchana Bi Zuhura alituma ujumbe. Kiondo bado kiko mezani bila jina, kila anayeingia anauliza. Aandike nini? Nilimsomea Nyanya. Alifikiri hadi ugali ukawa tayari, akanawa, akamega tonge la kwanza.

"Kitako, Mghoi. Ubavu, Mghoi. Mwandikie hivyo."

Nimeandika kwenye kikaratasi kipya. Mama Righa atakipeleka Voi Alhamisi. Bi Zuhura atadhani nimekosea nikarudia.

Nyanya amelala usingizi wake wa mchana, kama kawaida. Kitako chake na ubavu wangu ulioanza viko juu ya meza. Chini ya kitanda hakuna kitu, nimefagia.