Kadi ya Rangi na Nepi za Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mke wangu hajarudi kwao. Mimi ni mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi na nimezoea kuandika kila kitu kwa tarehe, hivyo binti yetu alipozaliwa tarehe 3 mwezi uliopita nikamfungulia daftari, tarehe 17 macho yake yalikuwa bado ya manjano, mama mkwe akasema jua la asubuhi litayaondoa, nikawa naota jua naye kila siku huku nikilinganisha choo chake na kadi ya rangi ya dukani, tarehe 20 kilikuwa haradali, tarehe 26 krimu, juzi kimefika chokaa, na mkojo unaacha doa kwenye nepi kama chai ya rangi. Muuguzi wa kliniki aliandika tangu tarehe 27 apimwe damu kuangalia ini, lakini nilimtazama alivyo mdogo nikasema, "Damu yenyewe ataitoa wapi?" Mke wangu akanijibu, "Baba Kadi, unalea mtoto au unapaka ukuta?" Nilitaka kwanza nikamilishe miezi miwili ili daktari apate kumbukumbu kamili. Je, nakosea?

*

Baba Kadi, unakosea, tena kwa mwandiko mzuri. Nyumba inavuja, nawe unapima kina cha maji sebuleni.

Manjano yaliyopita wiki mbili, choo cheupe na mkojo wa rangi nzito ni dalili kwamba huenda nyongo imekwama isitoke kwenye ini. Jua halizibui mrija wa nyongo, mwambie mama mkwe kwa heshima zote. Kipimo cha damu ndicho kinachotenganisha manjano ya kawaida ya wachanga na haya ya nyongo kukwama, tena huonyesha kama ini limeanza kuumia. Baada ya hapo huenda wakampiga picha ya tumbo. Mirija ikiwa imeziba, atahitaji upasuaji, na hufaa zaidi kabla ya miezi miwili, hiyo hiyo uliyotaka ikamilike.

Damu yenyewe haijazi kijiko cha chai. Atalia kidogo, wewe utalia zaidi, na yeye atasahau kwanza.

Mpelekeni leo, hospitali yenye daktari wa watoto. Mlangoni sema: "Ana wiki tano, bado ni wa manjano, choo chake ni cheupe." Usianze kusimulia tangu tarehe 3. Na foleni ikiwa ndefu, mwache mkeo aongee. Hana subira, na leo hicho ndicho kinachotakiwa.